Utapiamlo Unaofichwa na Mizani: Upimaji wa Misuli na Mafuta kwa Wagonjwa wa Saratani

Wagonjwa wengi wa saratani huwa wamekwisha kupoteza sehemu ya misuli yao kabla hawajapewa dozi ya kwanza ya dawa, na sehemu kubwa ya hasara hiyo haionekani kwa macho wala haisomeki kwenye mizani. Uzito wa tatizo hili ulidhihirika mwaka 1980, pale William Dewys na wenzake nchini Marekani walipochapisha uchambuzi wa wagonjwa 3,047 waliokuwa wakianza tibakemikali, yaani matibabu ya dawa zinazoua seli za saratani, wakaonyesha kwamba kwa jumla waliopungua uzito kabla ya matibabu waliishi muda mfupi kuliko wale ambao uzito wao haukuwa umeshuka. Idadi ya waliopungua ilitofautiana sana kwa kadiri ya aina ya ugonjwa: katika aina zenye nafuu za saratani ya tezi za limfu ilikuwa asilimia 31, na katika saratani ya tumbo la chakula ilifika asilimia 87.

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu wakati huo, na bado katika kliniki nyingi, za Ulaya na za Afrika Mashariki vilevile, lishe ya mgonjwa wa saratani hupimwa kwa kumpandisha kwenye mizani, kuziandika kilo zake katika faili na kumwelekeza chumba kinachofuata. Kilo hizo ni za lazima, na kliniki isiyoziandika imekosa mwanzo wa kila hesabu itakayofuata, lakini zikiachwa peke yake hazielezi kilichopungua ni nini, na zipo hali ambamo huonyesha kinyume kabisa cha yanayotokea mwilini.

Sababu ni kwamba uzito ni jumla ya vitu visivyofanana. Wataalamu wa lishe huugawa mwili katika mafungu makubwa mawili, mafuta kwa upande mmoja na sehemu isiyo mafuta kwa upande wa pili, ambayo ndani yake mna misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji, na uwiano wa mafungu hayo ndio unaoitwa muundo wa mwili. Mafuta ni akiba ya nishati. Misuli kazi yake ni pana zaidi, kwani ndiyo inayomwezesha mgonjwa kusimama, kutembea hadi msalani bila kushikwa mkono, kuvuta pumzi kwa nguvu na kukohoa makohozi yasimwingie mapafuni, na juu ya hayo ndiyo ghala ya protini ambayo mwili huchota wakati wa kuponya kidonda cha upasuaji au kupambana na maambukizi. Watu wawili wenye kilo 60 kila mmoja wanaweza kuwa na akiba za misuli zilizo mbali sana, na anayeingia katika matibabu na akiba ndogo huwa katika hatari ambayo mwenzake hana.

Kipimo kinachotumika zaidi baada ya mizani ni kile cha uwiano wa uzito na urefu, kinachofahamika hospitalini kwa herufi BMI, ambacho hupatikana kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo ilitungwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanahisabati na mtaalamu wa nyota katika miaka ya 1830, na nia yake ilikuwa kueleza maumbile ya watu kwa wingi wao, si kumchunguza mgonjwa mmoja mmoja. Jina linalotumika sasa lilienea baada ya makala ya Ancel Keys ya mwaka 1972. Kwa mtu mzima, kiwango kilicho chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa ni uzito pungufu, na 25 na kuendelea huhesabiwa kuwa ni uzito uliozidi. Mfano wa hesabu tu unatosha kuonyesha udhaifu wake kwa mwenye saratani. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 aliyekuwa na kilo 82, akashuka hadi kilo 74 katika miezi minne, huwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake, kiwango ambacho daktari yeyote wa saratani anapaswa kukitilia maanani; lakini uwiano wake bado ni 28.9, na kwa jedwali lililobandikwa ukutani anasomeka kuwa ni mtu aliyezidi uzito. Katika jamii ambazo mwili mnene huchukuliwa kuwa dalili ya afya na maisha mazuri, mwanamke huyo hupongezwa kwa kupungua, au huambiwa kwamba hajabadilika, na hakuna anayemuuliza kama anakula.

Hali ya pili inayoipotosha mizani ni maji. Wazazi wa Afrika Mashariki waliohudhuria kliniki za watoto wanaufahamu unyafuzi, utapiamlo unaomvimbisha mtoto miguu na uso hata akaonekana amejaa, ilhali chini ya uvimbe ule misuli imekwisha. Jambo la namna hiyo humpata mtu mzima mwenye saratani ya ini, ya ovari au iliyosambaa ndani ya tumbo, ambaye tumbo lake hujaa maji kwa lita kadhaa, na kwa kuwa kila lita ya maji ni takriban kilo moja, uzito wake unaweza kubaki palepale kwa miezi mingi, au hata kupanda, wakati mabega yanachongoka na mapaja yanakwisha. Siku anapotolewa maji hayo kwa sindano ndipo kilo za kweli huonekana, na mara nyingi familia hudhani kwamba ni utoaji wa maji uliomkondesha.

Ili kuelewa kwa nini ni misuli inayopaswa kufuatiliwa, inafaa kutofautisha njaa ya kawaida na kudhoofu kunakoletwa na saratani. Mtu mwenye afya anapokosa chakula kwa muda mrefu, mwili wake hujirekebisha kwa kupunguza matumizi ya nishati na kuyategemea zaidi mafuta, hivyo misuli hulindwa kwa kadiri inavyowezekana, na chakula kikirudi, nyama ya mwili hurudi. Kwa mgonjwa wa saratani ulinzi huo mara nyingi hulegea. Uvimbe wa saratani, pamoja na kinga ya mwili inayoukabili, huachia katika damu kemikali za kupashana habari kati ya seli ziitwazo saitokini, ambazo husababisha hali ya kuwaka kwa tishu isiyokoma, huzima hamu ya kula kutoka kwenye ubongo, na huharakisha kuvunjwa kwa protini ya misuli wakati ule ule ambapo ujenzi wake umepungua. Hali hiyo huitwa kakeksia. Kundi la wataalamu wa kimataifa lililoongozwa na Kenneth Fearon wa Edinburgh liliieleza mwaka 2011 kuwa ni upotevu wa misuli unaoendelea, wenye au usio na upotevu wa mafuta, ambao lishe ya kawaida peke yake haiwezi kuurudisha kikamilifu, na likaweka mpaka wa kuitambua: kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya uzito katika miezi sita, au zaidi ya asilimia 2 tu kwa mtu ambaye tayari ni mwembamba au ambaye misuli yake imepimwa ikaonekana kuwa michache.

Fasili hiyo ina jambo moja la kumwondolea lawama mgonjwa na mwenye kumuuguza. Mama anayemlazimisha mwanawe kumaliza bakuli la uji na kukata tamaa kwa kuwa kilo haziongezeki, na mgonjwa anayeonekana mkaidi kwa kuwa harufu ya chakula inamchefua, wote wawili wamo ndani ya ugonjwa wenye kemia yake, ambao hauamriki kwa bidii wala kwa ukali. Lakini haifuati kwamba chakula hakina maana, kwa sababu juu ya kakeksia huwekwa vikwazo vingine ambavyo vinaweza kuondolewa: maumivu yasiyotulizwa, vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na dawa au mionzi, kichefuchefu, ladha iliyobadilika, kufunga choo, huzuni, na nauli ya kliniki inayokula fedha za sokoni.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili, nayo ni saratani ya umio, yaani ya mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu umejikita katika ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na katika ukanda huo huwapata mara kwa mara watu walio na umri mdogo kuliko inavyotarajiwa mahali pengine. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza ugali, akahamia kwenye wali laini, kisha uji, kisha maji, na kwa kuwa wengi hufika hospitalini pale tu uji unapokwama, wanakuwa na wiki au miezi ya njaa halisi iliyoongezwa juu ya kakeksia. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet nchini Kenya imejulikana kimataifa kwa kazi ya kuwawekea wagonjwa kama hao mirija ya waya inayojitanua ndani ya umio ili chakula kipite, na kazi hiyo ni ya lishe kwa kiwango kile kile ilivyo ya upasuaji. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, kama ilivyo katika hospitali nyingi za kanda hii, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoleta wanawake wengi zaidi, na baadhi yao huishi pia na virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa njia yake vinaweza kuwapunguzia misuli.

Vifaa vya kupimia vinaanzia kwenye vile ambavyo gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Utepe wa kupima mzingo wa mkono, ambao wahudumu wa afya ya jamii wamezoea kuuzungusha kwenye mikono ya watoto, unamfaa mtu mzima pia: hupimwa katikati kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, mkono ukiwa umening'inia bila kukazwa. Ubora wake kwa mgonjwa wa saratani ni kwamba maji yanayojaa tumboni na miguuni kwa kawaida hayaufikii mkono wa juu, isipokuwa pale ambapo mkono wenyewe umevimba, kama inavyotokea baada ya tezi za kwapani kuondolewa kwa saratani ya matiti, na hapo hupimwa mkono wa upande wa pili.

Mzingo huo, hata hivyo, bado unachanganya misuli na mafuta, na njia ya kuvitenganisha ni kifaa kidogo chenye taya mbili za kubana kwa nguvu maalumu, kinachopima unene wa mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono. Unene wa mkunjo huo, ukibadilishwa kutoka milimita kuwa sentimita, huzidishwa kwa 3.14, na jibu hutolewa katika mzingo wa mkono, kinachobaki kikiwa ni makadirio ya mzingo wa misuli. Wagonjwa wawili wenye mikono ya sentimita 26, mmoja akiwa na mkunjo wa milimita 20 na mwingine wa milimita 8, huonekana sawa kwa utepe peke yake. Lakini wa kwanza ana mzingo wa misuli wa sentimita 19.7 na wa pili ana sentimita 23.5, tofauti ambayo hakuna mizani inayoweza kuionyesha. Kipimo hiki hudai mkono wenye mazoezi, kwani wapimaji wawili wanaweza kubana mahali tofauti na kupata majibu tofauti, ndiyo maana inashauriwa mtu yule yule ampime mgonjwa yule yule kila mara. Kwa wazee na wasioweza kusimama hupimwa pia mzingo wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi, mradi mguu haujavimba, na urefu wao hukadiriwa kutokana na urefu wa goti hadi kisigino au wa mfupa wa kigasha.

Kuna kifaa kingine ambacho hakipimi ukubwa wa misuli bali kazi yake. Ni dainamomita, kishikio ambacho mgonjwa hukibana kwa nguvu zake zote na chenyewe huonyesha nguvu ya mshiko kwa kilo. Wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia sakopenia, yaani upungufu wa misuli na nguvu zake, waliweka mwaka 2019 mipaka ya kilo 27 kwa wanaume na kilo 16 kwa wanawake, chini yake nguvu zikihesabiwa kuwa zimepungua. Nguvu ya mshiko inaweza kushuka mapema, kabla mzingo wa mkono haujabadilika waziwazi, na huweza kupanda mgonjwa anapoanza kulishwa vizuri hata kama kilo hazijaongezeka, jambo linalompa mgonjwa na muuguzi wake habari njema ambayo mizani ingewanyima.

Njia inayofuata kwa ugumu hutumia umeme. Tishu zisizo na mafuta zina maji kwa takriban asilimia 73, na maji hayo yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, ilhali mafuta huukinza. Kwa hiyo mkondo dhaifu usiohisika, unaopitishwa kutoka mkononi hadi mguuni kwa vibandiko vya waya, hukutana na ukinzani unaotegemea kiasi cha maji na mafuta, na kwa kutumia urefu, uzito, umri na jinsia, mashine hukadiria mafungu ya mwili. Kipimo huchukua dakika chache, hakina mionzi, na mashine yake hubebeka hadi kitandani. Udhaifu wake ni ule ule wa maji, kwani mashine haimjui mgonjwa aliyevimba miguu na mara nyingi huhesabu maji yaliyozidi kuwa ni nyama ya mwili, na wenye vifaa vya umeme vya kuendeshea moyo kwa kawaida hawapimwi kwa njia hii. Namba moja itokayo katika mashine hizo, iitwayo pembe ya fezi, imepewa uzito mkubwa katika utafiti wa saratani kwa sababu inatokana na ukinzani wenyewe bila kupitia makadirio ya mafuta, na huakisi hali ya ngozi nyembamba zinazozizunguka seli: seli zikiwa nyingi na nzima, pembe huwa kubwa, na inaposhuka, tafiti nyingi zimeihusisha na maisha mafupi zaidi.

Kipimo ambacho kimebadilisha zaidi fikra za wataalamu katika miaka 20 iliyopita hakikubuniwa kwa ajili ya lishe. Picha ya CT, inayopigwa kwa mionzi ikizunguka mwili na kutengeneza vipande vya ndani kwa hesabu za kompyuta, ilipigwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na sehemu ya nadharia yake ilikuwa imeandaliwa kabla na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1979. Mgonjwa wa saratani hupigwa picha hii ili uvimbe uonekane umefika wapi. Watafiti, hasa kundi la Vickie Baracos katika Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, walitambua kwamba kipande kimoja tu cha picha hiyo, kile kinachopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno, kina habari ya mwili mzima, kwa sababu eneo la misuli ya mgongo, ubavu na tumbo katika kipande hicho linawiana kwa karibu na jumla ya misuli yote ya mtu.

Upimaji wenyewe hutegemea kwamba kila tishu huzuia mionzi kwa kiwango chake. Katika skeli iliyopewa jina la Hounsfield, maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, na misuli huwa kati ya hasi 29 na chanya 150, ilhali mafuta yapo chini ya hapo; programu ya kompyuta huvipaka rangi vitone vyote vilivyo katika kiwango cha misuli, mtaalamu akaondoa visivyohusika, na eneo linalopatikana hugawanywa kwa urefu wa mgonjwa uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa mita 1.60 mwenye eneo la sentimita za mraba 95 hupata 37.1. Katika utafiti wa Carla Prado na wenzake uliochapishwa mwaka 2008, mipaka ya upungufu iliwekwa kuwa 52.4 kwa wanaume na 38.5 kwa wanawake, kwa hiyo mwanamke huyo angehesabiwa kuwa na misuli pungufu, awe mwembamba au mnene. Picha hiyo hiyo huonyesha pia ubora wa misuli, kwa maana misuli iliyopenyezwa na mafuta huonekana yenye kiwango cha chini kwenye skeli, kama nyama iliyojaa mistari ya mafuta kwenye meza ya bucha.

Utafiti huo wa 2008 uliwachunguza wagonjwa wanene peke yao, watu ambao hakuna aliyekuwa akiwafikiria wanaposemwa wenye utapiamlo. Kati ya 250 waliokuwa na picha zilizofaa, 38 walikuwa na misuli michache chini ya mafuta yao, nao walikuwa dhaifu zaidi na waliishi muda mfupi zaidi kuliko wanene wenzao. Mwaka 2013 Lisa Martin na wenzake wa kundi hilo la Alberta walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,473 wa saratani za mapafu na za mfumo wa chakula: waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja, yaani uzito uliopungua, misuli michache na misuli yenye mafuta, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 8.4, mtu awe alionekana mnene au mwembamba, na wasiokuwa na hata moja waliishi miezi 28.4. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba umbo la nje si kipimo cha lishe.

Misuli ina uhusiano pia na usalama wa dawa, na hapa ndipo jambo linapomhusu hata daktari asiyejishughulisha na chakula. Dozi ya dawa nyingi za tibakemikali hukokotolewa kutokana na eneo la ngozi ya mwili, ambalo hukadiriwa kwa urefu na uzito kwa kanuni ambazo mojawapo ni ya mwaka 1916, na kanuni hizo hazitofautishi kilo ya misuli na kilo ya mafuta. Baadhi ya dawa husambaa zaidi katika sehemu isiyo mafuta, hivyo mgonjwa mzito mwenye misuli michache hupewa dozi kubwa ambayo ina mahali padogo pa kuenea, na tafiti za dawa kadhaa, ikiwemo fluorourasili inayotumika sana katika saratani ya utumbo mpana, zimeonyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo hupata zaidi madhara makali, ambayo huweza kulazimisha dozi ipunguzwe au isimamishwe. Haijawa desturi kubadili dozi kwa kufuata picha ya misuli, lakini daktari anayejua kwamba misuli ni michache ana sababu ya kumwita mgonjwa kliniki mapema zaidi.

Vipimo vyote hivi vinahitaji kuunganishwa ili utapiamlo utajwe kwa jina lake katika faili, na utaratibu unaokubalika zaidi sasa ni ule uliochapishwa mwaka 2019 na mashirika ya lishe ya tiba ya mabara mbalimbali, unaojulikana kwa herufi GLIM. Baada ya uchunguzi wa awali wa kumtambua aliye hatarini, mgonjwa huhesabiwa kuwa na utapiamlo akiwa na angalau dalili moja ya mwilini na angalau sababu moja. Dalili ni kupungua kwa zaidi ya asilimia 5 ya uzito katika miezi sita au zaidi ya asilimia 10 katika muda unaozidi hapo, uwiano mdogo wa uzito na urefu, au misuli michache kwa kipimo kinachoaminika. Sababu ni kula pungufu au chakula kutosharabiwa, au kuwepo kwa ugonjwa unaowasha tishu. Saratani inatimiza kigezo cha sababu peke yake, kwa hiyo yule mwanamke wa kilo 74, ambaye jedwali la ukutani limemwita mzito, angetambuliwa kuwa na utapiamlo kwa hesabu ya kilo alizopoteza peke yake. Jambo la kuangaliwa ni kwamba albumini, protini ya damu ambayo kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa kipimo cha lishe, haimo katika vigezo hivyo, kwa kuwa hushuka hasa tishu zinapowaka, hata kwa anayekula vizuri.

Kipimo kisichofuatiwa na msaada ni usumbufu kwa mgonjwa. Miongozo ya Ulaya hupendekeza nishati ya kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini inayozidi gramu 1 na ikiwezekana kufika gramu 1.5 kwa kila kilo, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 90; yai moja lina takriban gramu 6, na kikombe cha maziwa takriban gramu 8. Ni dhahiri kwamba uji mwepesi wa mahindi, ambao ndio chakula cha mgonjwa katika nyumba nyingi, hauwezi kuufikia mpaka huo hata akiunywa kutwa, na afisa lishe hana budi kueleza namna ya kuutia karanga zilizosagwa, maziwa, unga wa dagaa au mafuta, na kuugawa katika vikombe vidogo vingi. Mazoezi mepesi huambatana na chakula, kwa sababu misuli isiyotumika haijengeki. Aliyekaa na njaa muda mrefu huanza kulishwa pole pole chini ya uangalizi, kwani chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu kwa namna inayoweza kuua. Pia lazima ikabiliwe imani iliyoenea kwamba kula vizuri au kula sukari ni kuulisha uvimbe: hakuna ushahidi kwamba kumnyima mgonjwa chakula kunamponya, wakati ushahidi kwamba kukonda kunamfupishia maisha ni mwingi, na miongozo hiyo hiyo inakataza wazi vyakula vya kujinyima kwa mtu aliye katika hatari ya utapiamlo. Katika wiki za mwisho za ugonjwa usiotibika mambo hugeuka. Hapo mwili hauwezi tena kukitumia chakula kujijenga, na vipimo huachwa, mgonjwa akapewa anachokitamani kwa kiasi anachokitaka.

Linalobaki ni swali la mipaka yenyewe. Namba za 52.4 na 38.5 zilitokana na wagonjwa wa Kanada, wote wakiwa wanene, na hakuna sababu ya kudhani kwamba zinamfaa mkulima wa Mbeya au mfugaji wa Bomet, ambaye umbo lake, kazi yake na chakula chake cha utotoni ni tofauti. Utaratibu wa GLIM umekwisha kukubali hoja ya namna hiyo kwa Asia, ambako mpaka wa uwiano wa uzito na urefu kwa wenye umri chini ya miaka 70 ni 18.5 badala ya 20, ilhali Afrika haikutengewa mpaka wake. Kuiweka mipaka ya Afrika Mashariki hakuhitaji mashine mpya: picha za CT za tumbo zinapigwa katika hospitali za kanda hii kwa ajili ya kutafuta saratani na kwa ajili ya majeruhi wa ajali wasio na saratani, na programu za kukokotoa eneo la misuli zipo, baadhi yake bila malipo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzifungua picha hizo kwenye pingili ya tatu ya kiuno, faili lenye urefu na uzito ulioandikwa siku ile ile, na uamuzi wa idara ya mionzi, ya saratani na ya lishe kuyasoma majibu pamoja.